Baba Aliyeshindwa Kuachia: Somo la Msuko wa Kisa kutoka Filamu ya Nemo



Ndugu zangu, naanza kwa kukiri kosa. Igizo mlilolitazama mwanzoni mwa mwaka, siku ya kuwakaribisha wanafunzi wapya, niliandika mimi. Mnalikumbuka? Pengine hapana, na hapo ndipo penye tatizo. Kijana anatoka kwao Rumonge, anakuja chuoni, anaacha swala, anaanza pombe, anafeli mitihani, anaugua, anatubu. Yote yaliyosemwa mle yalikuwa ya haki. Lakini mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikiwachungulia. Ndugu wa safu ya tatu walikuwa wanachezea simu, na dada mmoja alikuwa ananakili daftari la mwenzake. Kijana alipofika kwenye toba, mtu mmoja alipiga miayo hadi tukamsikia jukwaani.

Nilirudi nyumbani na swali moja. Wadogo zangu hawawezi kukaa dakika tano wakisikiliza mawaidha yangu. Iweje wakae dakika 100 bila kutikisika, wakimfuata samaki wa katuni? Filamu yenyewe ni Finding Nemo, ambayo wengi wetu tuliiona kwa Kifaransa kwa jina la Le Monde de Nemo. Ilitengenezwa na studio ya Pixar ya Marekani, ikatoka mwaka 2003 chini ya mwongozaji Andrew Stanton, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya katuni. Suala la picha na muziki nawaachia masheikh wetu, wamelizungumza mara nyingi. Mimi nataka tuifungue filamu hii kama fundi anavyofungua injini ya pikipiki, tuone kipi kinazungusha kipi.

Marlin ni samaki mdogo wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe, anayeishi kwenye matumbawe ya Australia. Dakika chache za mwanzo tu, mzia anavamia makazi yao. Marlin anazimia, na akizinduka mkewe hayupo, na mayai yao yote yameliwa isipokuwa moja lenye ufa. Analiweka kwenye mapezi yake na kuliahidi kwamba halitapatwa na jambo lolote. Yai hilo ndilo Nemo, ambaye anazaliwa na pezi moja dogo kuliko jingine.

Stanton amesimulia kwamba mwanzoni hakuipanga filamu hivyo. Habari ya mzia aliikata vipande vipande, ije kama kumbukumbu katikati ya safari, na ukweli wote ufichuke karibu na mwisho. Ilipopangwa namna hiyo, Marlin alionekana baba msumbufu tu, mtu wa kukasirisha. Msiba ulipohamishiwa mwanzo, maneno yaleyale na makatazo yaleyale yakaanza kueleweka. Hakuna kilichobadilika katika tabia yake. Sisi ndio tuliojua anaogopa nini. Mimi katika igizo langu niliwaonyesha kijana anayeacha swala kabla hamjajua chochote anachokipenda wala anachokiogopa. Mtamhurumia vipi mtu msiyemjua?

Sasa tazameni mnyororo wa matukio, maana hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Kwa sababu Marlin alifiwa, anamshikilia mwanawe kupita kiasi. Kwa sababu anamshikilia, siku ya kwanza ya shule anamfuata hadi kwenye ukingo wa kina kirefu na kumkaripia mbele ya wenzake kwamba hajui kuogelea vizuri. Kwa sababu ameaibishwa, Nemo anajitosa kwa hasira kwenye maji ya wazi hadi kuigusa boti. Na kwa sababu yuko huko peke yake, mpiga mbizi anamnasa. Mnaona jambo la kutisha hapo? Kilichomchukua mtoto ni hofu ya baba kumpoteza mtoto. Marlin hakumwita mpiga mbizi, lakini yeye ndiye aliyemsukuma mwanawe hadi mahali pa mpiga mbizi.

Chukueni igizo langu mulipime hivyo. Anaacha swala, halafu anakunywa pombe, halafu anafeli, halafu anaugua. Ni halafu tupu. Ugonjwa ule ulishuka tu, kwa kuwa mimi mwandishi nilikuwa nataka kufika kwenye toba kabla ya Magharibi. Ukiweza kuweka «halafu» kati ya matukio yako na kisa kikaenda vilevile, hapo una orodha. Kisa huanza pale ambapo lazima useme «kwa hiyo» au «lakini».

Baada ya hapo inaanza safari ya kwenda Sydney, ambako mtoto amewekwa katika tangi la kioo la daktari wa meno. Safari ina papa, ina mabomu ya zamani ya vita, ina nyangumi. Mtoto mdogo anaona vituko. Mimi niliyeitazama mara nne kwa kalamu mkononi niliona swali moja likiulizwa kwa sura mbalimbali: je, Marlin, unaweza kumwamini mwingine na kuachia?

Mwenzake wa safari ni Dory, samaki wa buluu anayesahau kila kitu baada ya muda mfupi. Kundi la samaki linamwonya Dory kwamba wakifika kwenye korongo wapite ndani yake, wasipite juu. Marlin hana habari, na korongo linatisha, kwa hiyo anamzuga Dory ili wapite juu. Huko juu wanakutana na konyeza, wale viumbe laini wa baharini wanaowasha kama upupu, na Dory nusura afe. Hiyo ni mara ya pili hofu ya Marlin inamuumiza mtu anayemlinda. Kisha wanaokotwa na kasa. Mtoto wa kasa anachomolewa na mkondo wa maji, Marlin anataka kumkimbilia, lakini baba kasa anamzuia na kusubiri kuona mwanawe atafanya nini. Mtoto anarudi mwenyewe, amefurahi. Marlin anatazama jambo ambalo hajawahi kulitenda maishani. Na ndani ya nyangumi anajikuta ananing'inia kwenye ulimi, Dory akimwambia aachie. Hajui kama chini kuna kifo. Anaachia, na nyangumi anawarusha nje, bandarini Sydney.

Kule kwenye tangi, Nemo naye anapewa mtihani wake. Gill, samaki mzee mwenye pezi lililoharibika, anamwona amekwama kwenye bomba na anakataza wengine wasimsaidie. Baba yake angekuja mbio. Baadaye habari za safari ya Marlin zinasafiri kutoka kiumbe hadi kiumbe, kutoka kwa kasa hadi kwa ndege mwari anayetua dirishani kwa daktari, na Nemo anasikia kwamba baba yake mwoga amepambana na papa. Hapo ndipo anapopata ujasiri wa kujaribu tena kazi iliyomshinda mwanzo. Wako mbali, hawaonani, lakini kila mmoja anambadilisha mwenzake.

Jambo la hisia nitalisema kwa mfano mmoja tu. Usahaulifu wa Dory unatuchekesha kwa saa nzima. Kisha Marlin anafika kwa daktari, anamwona Nemo amejifanya mfu ndani ya mfuko, anaamini amekufa, anageuka kurudi nyumbani. Dory anamsihi asimwache, kwa sababu akiwa naye anakumbuka mambo, na akiondoka atasahau tena. Ulemavu uleule uliotuchekesha ndio unaotuliza. Mdogo wangu wa miaka sita alinyamaza kimya hapo. Mwandishi hakuleta kitu kipya cha kuliza watu, alikigeuza tu kile tulichokizoea.

Nemo anatoroka kupitia bomba la maji machafu, anakutana na Dory, na kwa njia ya Dory anampata baba yake. Wamekutana! Mwandishi mvivu, yaani mimi, angefunga pazia. Lakini papo hapo wavu wa wavuvi unashuka na kumnasa Dory pamoja na samaki wengi. Aliyekulia kando ya Tanganyika hahitaji kuelezwa wavu uliojaa ukoje unapoinuliwa. Nemo anajua dawa: waambiwe wote waogelee kwenda chini kwa pamoja. Yeye ni mdogo, anaweza kupenya kuingia. Marlin, aliyevuka bahari kumtafuta mtoto huyu mmoja, anatakiwa amruhusu aingie kwenye wavu kwa hiari. Kilele cha filamu kiko hapo. Kumpata Nemo kilikuwa kitu alichokitaka, na wavu unamdai kile alichokosa tangu siku ya mzia. Anamwachia, na kamba zinakatika.

Nilipofika hapo nikakumbuka Sura Yusuf, ambayo Mwenyezi Mungu mwenyewe ameisifu kuwa katika visa bora kabisa. Nisieleweke vibaya: simlinganishi Nabii Ya'qub alayhi salaam na samaki wa katuni, astaghfirullah. Nasema tuna kisa cha baba na mwana tunachokisoma tangu madrasa, na wengi wetu hatujawahi kuangalia jinsi kilivyosukwa. Ya'qub anawaambia wanawe kwamba anachelea mbwa mwitu, nao wanarudi na hadithi ya mbwa mwitu. Hofu aliyoitamka ndiyo waliyoigeuza kisingizio. Kanzu inakuja mara tatu: ikiwa na damu ya uongo, ikiwa imechanwa kwa nyuma, na mwisho ikirejesha macho ya baba.

Na kuna mahali ambapo mimi hupita haraka nikisoma, siku hizi nasimama. Njaa imeingia, na ndugu wanataka kumchukua kwenda Misri ndugu mwingine wa Yusuf, ambaye wafasiri humwita Binyamin. Waombaji ni walewale waliomrudisha Yusuf kanzu tupu. Ya'qub anachukua ahadi yao mbele ya Mwenyezi Mungu, anawaelekeza waingie kwa milango tofauti, anakiri kwamba tahadhari hiyo haiwezi kuzuia lililoamriwa, anategemea, na anaachia. Naye huyu pia harudi! Lakini hapa ndipo Nabii anapoachana kabisa na Marlin. Marlin aliona mfuko mmoja akakata tamaa, akageuka. Ya'qub, macho yakiwa meupe kwa huzuni, aliwaambia wanawe warudi wakatafute.

Tawakkul tumeihubiri sana mimbarini na kwenye darsa zetu. Mara chache nimeona mtu akiionyesha ikigharimu kitu.

Nadhani ndiyo maana filamu hii inatushika sisi wanafunzi kuliko tunavyokiri. Nani kati yetu hajapigiwa simu na mama saa nne usiku kuulizwa kama amefunga mlango? Stanton amesema wazo lilimjia akitembea na mwanawe wa miaka mitano, akagundua muda wote alikuwa anamkataza hiki na kile, na matembezi yenyewe yanampita. Sisi tumezoea kukisoma kisa hiki tukiwa Nemo. Wazazi wetu wangekisoma wakiwa kwenye pezi la Marlin, na yai lina ufa.

Kwa hiyo igizo nimelichana. Jipya linaanzia stendi ya Rumonge, wala si chuoni. Mzee anampa mwanawe simu na sharti la kupiga kila baada ya swala, kwa kuwa mkubwa wa nyumba hiyo aliondoka usiku na boti ya wavuvi hakurudi. Sharti hilo linamfanya kijana aseme uongo wa kwanza, mdogo tu, na mengine yanatokana nalo. Toba ipo, lakini haipo mwisho. Mwisho kijana aliyekwisha kutubu anaomba ruhusa ya kusafiri ziwani kwenda kusoma Kigoma, na mzee hana budi kujibu.

Ndugu anayeigiza mzee aliniuliza juzi aushike mkono wa mwanawe hadi lini. Nikamwambia aushike mpaka watazamaji waone aibu kwa niaba yake, kisha aachie kidole kimoja kimoja. Mazoezi ni Jumamosi baada ya swala ya Alasiri. Bado tunahitaji mtu wa kuigiza kondakta wa basi.

Wabillahi tawfiq.