KUMZOEZA BINTI MDOGO KWENDA HAJA

Katika mambo yote ambayo mtoto hufundishwa kabla ya kujua kusema sawasawa, labda hakuna linaloleta ugomvi nyumbani upesi kama hili la kwenda haja. Binti wa miaka miwili huketishwa juu ya chombo chake robo saa nzima, asifanye kitu. Kisha huinuka, hukimbilia sebuleni, na kukojoa juu ya mkeka. Mama huona amedharauliwa, naye hutafuta ufito. Lakini mtoto wa umri huo hakukusudia dharau. Alipoketi alijikaza bila kujua, na alipoinuka akalegea. Kumpiga ni kumwadhibu kwa kosa asiloweza kulitambua, na matokeo ya kipigo hicho, kama itakavyoelezwa baadaye, yaweza kuwa ugonjwa.

Watu wazima wamesahau jinsi kazi hii ilivyo ngumu. Mtoto hana budi kwanza kuhisi kwamba kibofu kimejaa; pili aweze kuzuia; tatu aweze kuachilia kwa hiari yake, mahali alipoonyeshwa. Hilo la tatu ndilo linalowashinda wengi. Mtoto anayejua kuzuia bado hajajua kuachilia, kama vile mtoto anayejua kushika kikombe bado hajajua kukiweka chini bila kumwaga.

Kwa kawaida dalili za kuwa tayari huonekana kati ya miezi 18 na miaka mitatu. Binti hukaa mkavu muda wa saa mbili hivi, au huamka mkavu baada ya usingizi wa mchana. Huacha mchezo ghafula na kuchutama, au hujificha nyuma ya mlango. Huvuta nguo iliyolowa na kulalamika. Huweza kutembea vizuri, na akiambiwa, “Lete kikombe,” hukileta. Watoto wa kike mara nyingi hutangulia wa kiume kwa miezi michache, lakini si wote, na mama asimpime binti yake kwa binti wa jirani.

Hapo msomaji wa Pwani atauliza: Mbona wazee wetu hawakungoja miezi 18? Swali hilo ni la haki, na jawabu lake limeandikwa. Mwaka 1977 Marten deVries na M. Rachel deVries walitangaza, katika jarida la madaktari wa watoto la Marekani, habari za desturi waliyoiona kwa Wadigo, kusini ya Mombasa. Mama wa Kidigo alianza kumzoeza mtoto akiwa na umri wa majuma mawili au matatu tu. Aliketi chini, miguu ameinyosha mbele, akampakata mtoto katikati ya miguu yake akitazama mbele, kisha akatoa sauti ya “shuu” kwa ulimi. Alifanya hivyo mara nyingi mchana, na usiku pia. Mtoto alipokojoa alinyonyeshwa au alibembelezwa, hata sauti ile na mkao ule vikafungamana na haja yenyewe. Watoto hao walikuwa wakavu, mchana na usiku, walipofika miezi mitano au sita.

Habari hizo ziliwashangaza wengi, maana miaka 15 kabla yake, mwaka 1962, daktari T. Berry Brazelton wa Marekani alikuwa ametangaza habari za watoto 1,170 aliowaangalia, akashauri kwamba mtoto asianzishwe mpaka aonyeshe dalili, wala asilazimishwe. Watoto wake walikuwa wakavu mchana walipokuwa na umri wa miezi 28 na nusu kwa wastani.

Ni nani aliye sawa? Ukitazama vema, utaona kwamba njia hizi mbili hazipingani kama zinavyodhaniwa. Mama wa Kidigo alimbeba mtoto mwilini mchana kutwa, akatambua kila mjipindo na kila mguno. Hakungoja mtoto aseme, kwa sababu yeye mwenyewe aliweza kumsoma. Mama anayetoka asubuhi kwenda kazini, akamwacha mtoto na yaya, hawezi kumsoma hivyo, naye hana budi kungoja mtoto ajisome mwenyewe. Wala mama wa Kidigo hakutumia fimbo kwa mtoto wa miezi michache. Anayefuata umri wa njia ya kwanza bila uangalizi wake, huyo ndiye anayepata taabu.

Sasa habari ya chombo. Choo cha shimo hakimfai mtoto mdogo peke yake. Tundu ni pana kwake, ndani ni giza, na hofu ya kutumbukia si upuuzi, maana hatari hiyo ni ya kweli. Apewe chombo chake, ambacho mjini huitwa poti, kisichoyumba, na kifupi kiasi cha nyayo zake kukanyaga sakafu. Miguu ikining'inia, tumbo halipati nguvu ya kusukuma. Akae juu yake na nguo zake siku chache, mpaka akizoee. Wakati bora ni baada ya uji wa asubuhi, kwa kuwa chakula kikiingia tumboni huamsha matumbo. Dakika tano zatosha. Avae gauni jepesi na chupi isiyobana. Tena watu wote wa nyumbani watumie neno moja la haja. Yaya akisema hili na nyanya akisema lile, mtoto atachanganyikiwa.

Akifaulu asifiwe. Peremende hazihitajiwi: binti mwerevu hugundua mara moja kwamba matone mawili yaleta peremende, na matone mengine mawili yaleta ya pili, naye atashinda poti kutwa akidai mshahara.

Kwa binti kuna jambo moja ambalo mama asilisahau. Mrija wa mkojo wa mwanamke ni mfupi, na mlango wake uko karibu na tundu la haja kubwa. Kwa hiyo apanguswe au atawazwe kutoka mbele kwenda nyuma, kamwe si kutoka nyuma kuja mbele, ili vijidudu vya kinyesi visipelekwe kwenye mrija huo na kupanda kibofuni. Afundishwe mapema mkono upite wapi. Kisha mikono ya wote wawili ioshwe kwa sabuni.

Wako wanaodai kwamba kinyesi cha mtoto mdogo hakina madhara. Sivyo. Chaweza kuleta kuhara na minyoo kama cha mtu mzima. Kimwagwe chooni, na maji yaliyosuuza poti yamwagwe huko huko, si bustanini wala karibu na kisima.

Hatari kubwa zaidi, ambayo watu hawaitambui, ni ya mtoto anayejizuia. Binti aliyepigwa, au aliyeumizwa na choo kigumu, huogopa. Hukaza matako, husimama kwa ncha za vidole, uso ukawa mwekundu au ukakunjamana, na mama hudhani kwamba anasukuma, kumbe anazuia. Kinyesi hukaa, hukauka, na siku ya kutoka huumiza zaidi. Naye huzidi kuzuia. Mwishowe choo chepesi hupenya kandokando ya kile kigumu na kuchafua chupi bila yeye kuhisi, akapigwa tena kwa uvivu asio nao. Hapo mafunzo yakomeshwe kwa majuma kadhaa. Apewe maji ya kutosha, papai, mboga za majani na maharagwe, wala asishibishwe maziwa matupu. Kama hapati nafuu, apelekwe kliniki. Dawa za kuharisha na za kuingizwa nyuma zisitumiwe kwa kubahatisha.

Mtoto aliyekwisha kuzoea aweza kurudi nyuma akizaliwa mdogo wake, au jamaa wakihama. Hilo hupita. Ukavu wa usiku nao ni jambo jingine kabisa; watoto wengi wa miaka mitano bado hulowesha kitanda, nao hawana kosa, kwa kuwa wamelala. Karatasi ya plastiki chini ya shuka husaidia kuliko maneno makali.

Lakini akilia wakati wa kukojoa, akikojoa kidogo kidogo kila mara, mkojo ukinuka vibaya, au akipata homa isiyo na sababu, apelekwe kliniki siku ile ile. Kadhalika aliyekuwa mkavu akianza kulowesha tena huku akinywa maji mengi na kukonda, asicheleweshwe, maana yaweza kuwa kisukari. Mama amweleze muuguzi hali hiyo ilianza siku gani, na mtoto hunywa maji mara ngapi usiku.