Fundisho la Ndoa: Mapatano juu ya Mali kabla ya Kuoana

Kitabu cha Tobiti chasimulia ndoa ya Tobia na Sara. Ragueli, baba wa Sara, alimshika binti yake mkono, akampa Tobia awe mke wake. Ndipo akamwita mama wa binti, akamwagiza alete kitu cha kuandikia, akaandika hati ya ndoa. Baada ya hayo wakaanza kula na kunywa. Kisha Ragueli akamgawia Tobia nusu ya mali yake, akamwahidi nusu ya pili watakapokufa yeye na mkewe. Watu hao walimcha Mungu, tena walipendana. Walakini hawakuona haya kuandika.

Leo wachumba wengi waona haya. Kijana afikiri moyoni: «Nikiuliza habari ya mali, mchumba wangu atadhani namtaka kwa vitu vyake.» Msichana naye afikiri: «Nikitaja mashine yangu ya kushonea, wakwe watasema najitayarisha kuondoka.» Basi wote wawili wanyamaza. Kunyamaza huko si upendo. Na siku ya msiba, mjane na watoto wake ndio wanaokulipia.

1. Mahari ni neno lingine

Mahari ni mapatano ya jamaa mbili: upande wa kijana huwapa wazazi wa msichana mali au feza. Mapatano yanayofundishwa hapa ni ya mume na mke wenyewe, juu ya vitu vyao. Asiyetenga mambo haya mawili hukosa. Wako wasemao: «Tumelipa mahari, basi vyote alivyo navyo mke ni vya jamaa yetu.» Sivyo. Mahari haikununua mtu, wala haikununua mbuzi wake.

2. Njia tatu za sheria

Katika Jamhuri ya Kidemokrasi ya Kongo, Sheria ya Jamaa ilitolewa tarehe 1 Agosti 1987, ikasahihishwa tarehe 15 Julai 2016. Yawataka wachumba kuchagua njia moja kati ya tatu na kuitaja mbele ya mkubwa wa serikali aandikaye ndoa.

Ufikiriwe mfano huu. Mume alijenga nyumba ya mabati kabla ya kuoa. Mke alikuwa na mashine ya kushonea na mbuzi wawili. Baada ya ndoa wakanunua shamba la kahawa kwa jasho lao.

Njia ya kwanza: kila mmoja na mali yake. Nyumba ni ya mume, mashine na mbuzi ni vya mke. Shamba ni la yule aliyelinunua. Wakiunganisha feza, yafaa waandike kila mmoja ametoa kiasi gani.

Njia ya pili: ushirika wa mali iliyochumwa katika ndoa. Nyumba yabaki ya mume, mashine na mbuzi vyabaki vya mke, lakini shamba ni la wote wawili. Kitu ambacho mmoja wao amerithi au amepewa zawadi hakiingii katika ushirika.

Njia ya tatu: ushirika wa mali yote. Nyumba, mashine, mbuzi na shamba, vyote ni vya wote wawili.

Wachumba wasipochagua, sheria yawahesabu kuwa wameifuata njia ya pili. Tena, kwa sheria ya 1987 mke alihitaji ruhusa ya mumewe katika matendo ya sheria yenye kumfunga. Masahihisho ya 2016 yaliiondoa amri hiyo, yakawataka mume na mke kupatana.

3. Siku ya msiba

Mume yule amekufa. Matanga hayajaisha, na ndugu zake wamefika kuchukua vitu. Wabeba mashine, wasema: «Ni mali ya ndugu yetu.» Mjane alia, lakini hana karatasi wala shahidi. Kama vitu vingaliandikwa kabla ya arusi, angaliweza kujibu bila ugomvi: «Mashine hii ni yangu. Nusu ya shamba ni yangu. Iliyobaki ni urithi, na kwa sheria warithi wa kwanza ni watoto wa marehemu.» Karatasi haimfufui mume, bali yawazuia walio hai wasitende zambi ya wizi juu ya kaburi la ndugu yao.

4. Mapatano yasiyofaa

Mapatano juu ya mali yasigeuzwe sharti la ndoa yenyewe. Asemaye, «Nakuoa, lakini usipozaa ndoa si ndoa,» aweka sharti la mambo yajayo. Na kanuni ya 1102 ya Sheria ya Eklezia, iliyotolewa mwaka 1983, yasema kwamba ndoa ya namna hiyo si halali. Vilevile, anayeoa akiwa amekusudia kuachana baadaye hakukubali ndoa ya kweli. Vitu vyaweza kugawanywa. Ahadi ya mume na mke haigawanyiki.

5. Mambo ya kufanya

Wachumba wakae pamoja na wazazi wa pande mbili. Kila mmoja ataje mali yake na deni zake bila kuficha. Waandike orodha, watie sahihi pamoja na mashahidi, kila upande ushike nakala. Padri aonyeshwe mapatano kabla ya arusi. Kisha waende kwa mkubwa wa serikali, watangaze njia waliyochagua. Ndoa iliyofanywa katika jamaa nayo iandikishwe huko.

Maulizo

Ulizo: Je, anayeandika mali yake kabla ya ndoa amekosa upendo?
Jibu: Hapana. Asema ukweli mbele ya mwenzake, na ukweli ni mlango wa upendo.

Ulizo: Wasiochagua njia yoyote wahesabiwaje?
Jibu: Wahesabiwa kuwa katika ushirika wa mali iliyochumwa katika ndoa.

Ulizo: Ni kitu gani kisichoweza kuwekewa sharti?
Jibu: Ndoa yenyewe.