Miiba Kwenye Shamba la Bata

Leo tutafakari juu ya kazi moja ya mikono, tena ya kuchosha kweli: kung'oa miiba.

Huko Oregon, Marekani, kuna mmea wa miiba uitwao blakiberi ya Himalaya. Jina linadanganya, maana asili yake ni Armenia na kaskazini mwa Iran. Mwaka 1885 mtaalamu wa mimea Luther Burbank alianza kuusambaza kutoka California kwa sababu ya matunda yake makubwa na matamu. (Ni matamu kweli, ndiyo maana wengine huona huruma kuung'oa.) Ndege wakala, wakaeneza mbegu, na leo umetanda mashambani na kando ya mito.

Sasa mfikirie mfugaji wa bata wa kilimo hai. Bata wanatakiwa watoke nje wapate nyasi na maji, lakini miiba imemeza malisho. Dawa za kawaida za kuua magugu haruhusiwi kupiga. Inabaki mikono, na yake miwili haitoshi. Hapo ndipo vijana wa kujitolea wanakuja na glavu nene, mikasi na sururu.

Mgeni wa kazi hii hukata matawi tu. Baada ya saa mbili panang'aa, picha zinapigwa, raha tupu! Kumbe kisiki kimebaki chini ya udongo, kina nguvu zake zote, na kitachipua. Hata ncha ya tawi ikigusa ardhi inaota mizizi. Kwa hiyo kazi yenyewe ni kuinama, kuchimba kisiki kimoja kimoja, na kurudi msimu ujao kuangalia kilichochipua.

Naona wengi wetu tunaungama kwa kukata matawi. "Nimesema uongo mara tatu, nimemtukana dada." Sawa, lazima tuyataje. Lakini Katekisimu (namba 1866) inataja pia mizizi ya dhambi, kama vile kiburi, kijicho na uvivu, ambayo huzaa dhambi nyingine. Ule uongo ulitoka wapi? Pengine ulidanganya ili marafiki wasijue kwamba nyumbani hali ni ngumu. Basi hapo umegusa kisiki.

Jumamosi hii, kabla ya kwenda kitubio, chukua dhambi moja unayoirudia kila mara, ukae nayo dakika kumi mbele ya Ekaristi, ujiulize ilianzia wapi. Ukikwama, mwambie padre hapohapo akusaidie. Hata yule mfugaji aliita watu.