Usimamizi Endelevu wa Mnyororo wa Ugavi na Ushindani wa Viwanda: Mfano wa Majani Chai ya Meru na Embu

Utangulizi

Katika nyanda za juu za Meru na Embu, kiwanda kilicho karibu zaidi na maisha ya mkulima ni kile cha majani chai. Meru kuna Imenti, Githongo, Kionyo, Michimikuru, Kiegoi na Igembe. Embu kuna Mungania na Rukuriri. Viwanda hivi humilikiwa na wakulima wadogo wenye hisa, na husimamiwa na KTDA, shirika lililochukua mwaka 2000 nafasi ya mamlaka ya serikali iliyoundwa mwaka 1964. Makala hii inachunguza namna usimamizi endelevu wa mnyororo wa ugavi unavyoathiri uwezo wa viwanda hivi kushindana, na ni nani hasa anayeubeba mzigo wa uendelevu huo.

Maana ya istilahi

Mnyororo wa ugavi ni jumla ya shughuli zinazoitoa malighafi shambani hadi bidhaa imfikie mlaji. Wapo wanaosema msururu wa ugavi, lakini neno mnyororo lina faida yake. Vitu vilivyo katika msururu hufuatana tu, ilhali pete za mnyororo hushikana. Ikikatika moja, kazi ya nyingine zote hupotea. Uendelevu nao ni kukidhi haja za leo bila kuwanyima watakaokuja. Una nguzo tatu: uchumi, mazingira na jamii.

Kutoka shambani hadi kiwandani

Pete ya kwanza ni mchumaji. Akichuma majani mawili na chipukizi, kiwanda kitapata chai bora. Akichuma majani yaliyokomaa, hakuna mtambo utakaoirekebisha kasoro hiyo. Majani hupelekwa katika kituo cha ununuzi, yakapimwa na kusubiri lori. Hapa wakati ni mali. Majani yaliyoshindiliwa guniani au kukawia kwa sababu ya barabara ya matope hupata joto na kuharibika kabla ya kufika. Kiwandani hunyaushwa, hukatwa na kusagwa, huachwa yabadilike rangi, hukaushwa, kisha hupangwa kwa madaraja. Takribani kilo nne na nusu za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu. Kwa hiyo, kila gunia linaloharibika njiani ni hasara kwa kiwanda na kwa mkulima, kwani ndiye mwenye hisa.

Kuni na umeme

Kunyausha na kukausha huhitaji joto jingi, na joto hilo hutokana hasa na kuni. Kiwanda kisichopanda miti yake hutegemea kuni za kununua, ambazo bei yake hupanda kadiri miti inavyopungua. Aidha, msitu wa Mlima Kenya ndio chanzo cha mito inayowanufaisha wengi wa wakulima hao hao. Anayeuharibu huukata mkono unaomlisha. Kuhusu umeme, kiwanda cha Imenti ni mfano mwema: kilijenga kituo kidogo cha nguvu za maji chenye uwezo wa takribani megawati 0.9, na ziada ikauzwa katika gridi ya taifa. Hapa uendelevu ulikuwa pia njia ya kupunguza gharama.

Sokoni

Sehemu kubwa ya chai huuzwa katika mnada wa Mombasa. Mwaka 2007, kampuni ya Unilever ilitangaza kuwa chai yake itatoka katika mashamba yenye cheti cha Rainforest Alliance. Tangu hapo, cheti kikawa kama ufunguo wa mlango wa wanunuzi wakubwa. Hata hivyo, kufungua mlango si sawa na kulipwa zaidi. Mkulima hutakiwa kuhifadhi dawa mahali salama, kulinda kingo za mito na kutoajiri watoto, lakini bei huamuliwa mnadani.

Je, bei yaweza kuinuliwa kwa amri? Mnamo Julai 2021 iliwekwa bei ya chini kabisa ya dola 2.43 kwa kilo kwa chai ya wakulima wadogo. Shehena kubwa zikabaki maghalani bila mnunuzi, na hatimaye kiwango hicho kikaondolewa. Kwa upande mwingine, chai ya mashariki mwa Bonde la Ufa, ya Meru na Embu ikiwemo, kwa kawaida hupata bei nzuri kuliko ya magharibi. Ni dhahiri kuwa ubora hushindana vyema kuliko amri.

Hitimisho

Uendelevu huongeza ushindani pale unapopunguza hasara na gharama, na unapolinda ubora. Lakini mnyororo hauwezi kudumu iwapo pete ya kwanza hubeba uzito wote na kupata faida ndogo. Mkulima asipoiona faida hiyo katika malipo ya mwezi na bonasi ya mwaka, atang'oa michai na kupanda zao jingine. Na hapo kiwanda, hata kiwe na vyeti vingi, kitakosa cha kusaga.

Maswali ya kujadili

1. Linganisha istilahi mnyororo na msururu. Ipi yafaa zaidi, na kwa nini?
2. Ni nani anayepaswa kulipia gharama za uendelevu: mkulima, kiwanda au mnunuzi? Toa hoja.