Nyota zilizohamia kwetu

Swali: Historia ya galaksi yetu inajulikanaje, ilhali hakuna aliyeishuhudia?

Jibu: Nyota zenyewe zinaisimulia. Kila nyota hurithi kemia ya gesi iliyoizaa, na nyota ndogo huitunza kwenye uso wake kwa mabilioni ya miaka. Magnesi humwagwa mapema, nyota kubwa zinapolipuka. Chuma kingi huja baadaye, kutokana na milipuko ya mabaki ya nyota ndogo. Uwiano wa elementi hizo mbili hufichua kasi ambayo galaksi ilizalisha nyota.

Mwendo nao hauongopi. Mwaka 2018, chombo cha Ulaya kiitwacho Gaia kilipotoa vipimo vya nyota zaidi ya bilioni moja, mwanaastronomia Amina Helmi na wenzake walikuta kundi kubwa ambalo mwendo wake wa wastani unaelekea kinyume na mzunguko wa diski ya galaksi yetu. Magnesi yake, ikilinganishwa na chuma, ilikuwa pungufu kuliko ya wenyeji. Ushahidi wa namna mbili, jibu moja: nyota hizo ni za galaksi ndogo, Gaia-Enceladus, iliyomezwa na yetu takriban miaka bilioni 10 iliyopita. Mgongano huo pia uliivuruga diski ya kale, ikanenepa.