Njahi Zisitobolewe

Siku ya soko Karatina, kabla ya kubishana bei, chota njahi kiganjani uzikague. Njahi ni nyeusi, na ule mstari mweupe ubavuni ni wake wa kuzaliwa. Ukiona vidoti vingine vyeupe, vidogo kuliko kichwa cha pini, huenda fukusi ameshataga. Muuzaji atakwambia ni vumbi. Lowesha kidole usugue: vumbi hutoka, yai hubaki limeganda.

Hatua ya kwanza ni kuanika. Tandaza njahi kwa tabaka jembamba juu ya turubai jeusi, zifunike kwa karatasi ya nailoni inayopitisha mwanga, kingo uzikandamize kwa mawe. Joto likifika nyuzi 57 kwa saa moja, hufa fukusi na hata funza aliyejificha ndani ya punje. Januari na Februari jua linatosha. Julai, baridi na mawingu yakitanda, usijisumbue. Mbegu za kupanda usizianike hivi, zisije zikakataa kuota.

Zikishapoa kabisa, pepeta. Ukizifungia zikiwa na joto zitatoa jasho, kisha kuvu.

Kwa mbegu, tumia majivu ya kuni, yaliyopoa na kuchekechwa, yasiyo na masalio ya plastiki. Changanya kwa ujazo unaokaribiana, gorogoro kwa gorogoro, kisha funika juu kwa tabaka la majivu matupu. Majivu huziba nafasi kati ya punje, fukusi akakosa pa kupita, tena humkwaruza ngozi hadi akauke. Wengine hutia pilipili kavu. Nilijaribu, fukusi wangu hawakujali.

Za kula, tafuta jerikeni iliyooshwa ikakauka kabisa. Jaza hadi shingoni, ukiitikisa punje zishikane, kisha kaza kifuniko. Fukusi waliobaki humaliza hewa wakafa wenyewe. Usifungue kabla ya miezi miwili. Mwenye magunia mengi atumie yale yenye mifuko miwili ya plastiki ndani, kila mmoja ufungwe peke yake.

Magunia yapange juu ya mbao, mbali na ukuta, na ufuge paka. Tundu moja la panya huingiza hewa, na kazi yote imepotea.

Za msimu uliopita usizichanganye na mpya, hata ikiwa ni gorogoro moja tu.