Filamu za Khiyana ya Ndoa, na Mume Aliyetaka Kurudi Usiku

Darasa hili tulilisoma kwanza mwaka 2024, maji ya mafuriko ya Mto Tana yalipokuwa yakipungua, na tangu hapo tumeombwa na wengi tuliandike. Twaliandika kama lilivyokuwa, pamoja na swali lililolizaa.

Baina ya Magharibi na Isha alitujia msikitini hapa Garsen kijana mmoja aliyeshuka katika basi la Mombasa. Kwao ni juu ya mto, upande wa Hola, naye alikuwa hajaonana na mkewe kwa miezi saba. Akasema: "Maalim, nataka kuuliza habari ya talaka." Alipoulizwa sababu, akaeleza kuwa amepiga simu ya mkewe mara tatu wakati wa usiku, na mara zote tatu imepokewa na mwanamume. Kisha akaongeza, kwa haya, kwamba usiku mmoja kabla ya kusafiri alitazama filamu katika simu ya mwenzake wa kazini, na humo mume alirejea safari bila ya kutoa habari, akaona kwa macho yake. Basi naye akakata shauri afanye vivyo hivyo: asipige simu tena, atafute gari la usiku, agonge mlango kabla ya alfajiri.

Tuliposikia hayo tuliona kuwa yamo maswali mawili. La talaka lina majibu yake katika vitabu vya fiqhi. La filamu hatukuwahi kulisoma, na kumbe ndilo mama wa lile la kwanza.

Wala sisi si wageni wa filamu hizo. Zamani mtu wa mtoni aliyetaka kutazama picha ilimbidi asafiri mpaka mji wenye sinema. Siku hizi picha zaja zenyewe, kwa dishi na kwa simu, hata katika maboma ya wafugaji na vijiji vya wakulima. Tulipokaa kuzihesabu zile tulizozitazama au kuhadithiwa, tuliona kisa ni kimoja, mume na mke na mtu wa tatu, na tuliona kuwa zote zatuacha mikono mitupu kwa namna ile ile.

Tuchukue Silsila ya mwaka 1981, iliyotengenezwa na Yash Chopra. Amitabh Bachchan ni mwandishi aliyemwoa mchumba wa nduguye baada ya ndugu huyo, rubani, kuuawa vitani. Lakini moyo wake umebaki kwa mwanamke mwingine, ambaye naye sasa ni mke wa daktari. Wakakutana, wakarudiana, mwishowe wakatoroka. Na je, ni kitu gani kilichowarudisha majumbani? Si majuto, wala si kukumbuka ahadi. Ni ndege! Ndege ya yule daktari iliungua, mwandishi akaingia motoni kumwokoa, mkewe akaja na habari kuwa ana mimba, na kila mtu akarejea kwake. Filamu hiyo haikupata soko ilipotoka, nasi hatushangai. Mtazamaji ameongozwa saa nyingi kwa nyimbo na mabustani ya maua, kisha anaambiwa kuwa ndoa husimama kwa ajali. Huku kwetu hakuna ndege zianguke kila nyumba inapoyumba.

Iliyokuja mwaka 2006, Kabhi Alvida Naa Kehna ya Karan Johar, imekwenda mbali zaidi. Mume wa huku na mke wa kule wakafanya urafiki ili, eti, wasaidiane kuziponya ndoa zao. Na dawa ikawa ni maradhi yenyewe. Ndoa zote mbili zikavunjika. Miaka mitatu baadaye wale wawili waliofanyiwa khiyana ndio wanaomhimiza mke akamfuate mwenzake katika stesheni ya gari la moshi. Twauliza: ni nani aliyepata kuwaona wenye kudhulumiwa wakitoa idhini kwa bashasha namna ile? Mtungaji amewatia ndimini maneno ayatakayo yeye, ili mtazamaji aondoke na roho nyepesi.

Wako wasemao kuwa ubaya wa filamu hizi ni kutaja zina. Sisi hatusemi hivyo. Katika Surat Yusuf, kisa ambacho Mwenyezi Mungu amekiita kizuri kuliko visa vyote, imetajwa habari ya mke wa mkubwa wa Misri aliyefunga milango akamtaka kijana wa nyumbani mwake. Hapana kilichofichwa: kanzu iliyochanika nyuma, mume aliyetaka mambo yapite kimya kimya, wanawake wa mjini waliosengenya kisha wakajikata mikono yao, na asiye na kosa akatiwa gerezani miaka. Hata mke mwenyewe kaachwa aseme kweli yake mwishoni, katika aya ya 51. Kila tendo lina gharama yake na kila gharama ina mlipaji wake. Filamu zetu hutuonyesha tendo, na hati ya deni huificha.

Tena ziko picha za zamani zilizokuwa na haki zaidi. Wazee wa mwambao wataikumbuka Awaara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951. Humo jaji alimfukuza mkewe mwenye mimba kwa kuwa alitekwa na jambazi, na ndugu wakanong'ona kuwa mimba huenda si ya nyumba ile. Mtu huyo mahakamani hamhukumu mwizi wa kuku bila ya shahidi, na nyumbani kwake alihukumu kwa mnong'ono! Mtoto akazaliwa njiani, akakua mwizi, na miaka mingi baadaye akasimama kizimbani mbele ya baba yake. Nyimbo zake tuziweke kando. Hesabu ya picha ile ni sahihi, kwani ilionyesha kuwa dhana mbaya pekee, pasipo zina yoyote, yatosha kuangamiza watu watatu.

Na hapa ndipo penye darasa lenyewe. Surat An-Nur imeweka mlango mzito mbele ya tuhuma hii. Mwenye kumsingizia mwanamke mwenye kujihifadhi, asilete mashahidi wanne, ana fimbo themanini, na ushahidi wake haukubaliwi tena. Mume asiye na shahidi ila nafsi yake amewekewa li'ani, viapo vitano mbele ya kadhi, cha tano akijiapiza laana ikiwa ni mwongo. Baada ya hukumu hizo, katika sura hiyo hiyo, ndipo kikaja kisa cha Bibi Aisha (r.a.), aliyebaki nyuma ya msafara akitafuta kidani chake, akarejeshwa na Safwan bin Mu'attal, na mji mzima ukazungumza mpaka wahyi ukaja kumtakasa. Anayetafuta mfano wa mke, safari na maneno ya watu, mfano ni huo.

Tukamsomea kijana hadithi ya Jabir iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alimkataza mtu aliyekuwa safarini kwa muda mrefu kuwagongea ahli zake usiku kwa ghafla, na katika riwaya ya Muslim imetajwa sababu, nayo ni kuwatafutia khiyana na kuwavizia makosa. Kijana alinyamaza. Jambo aliloliona katika filamu kuwa ni ushujaa, alilikuta limekatazwa kwa jina lake na kwa saa yake.

Kisha tukamsimulia iliyopokewa juu ya Sayyidna Umar (r.a.). Usiku mmoja akizunguka Madina alimsikia mwanamke akilia kwa mashairi, mumewe yuko vitani na usiku umekuwa mrefu. Mtungaji wa filamu angelisikia sauti hiyo, angelimtafutia mwanamke jirani mzuri wa sura. Umar hakumpeleleza wala hakumtia shakani. Alikwenda kumwuliza bintiye Hafsa mwanamke aweza kumsubiri mumewe kwa muda gani, akajibiwa miezi minne, na katika riwaya nyingine sita, akawawekea askari wake mpaka. Alijua kuwa kosa, likiwapo, linaanzia kwa aliyempeleka mume mbali na kumsahau.

"Nawe una miezi saba," akasema mzee mmoja katika halaka yetu. Twakiri kuwa neno hilo lilikuwa kali, na kijana aliinamisha kichwa. Kazi ya Mombasa ndiyo iliyokuwa ikipeleka unga nyumbani, na nauli si mchezo. Lakini alipoulizwa ni mara ngapi alipiga simu mchana, mto ulipokuwa umefurika, hakuwa na jibu.

Tukamwambia apige simu pale pale, amwambie mkewe kuwa yuko Garsen na kwamba atafika kesho mchana. Akapiga. Ikapokewa na mwanamume. Kijana akataka kukata kama alivyokata mara zote tatu za kwanza, tukamzuia. "Mwulize ni nani." Alikuwa mzee wa kijiji kile, mwenye sola. Nyumba za pwani ya mto ziliingiwa na maji, watu wamehamia mahali pa juu, na simu zao hulala kwake usiku zikitiwa moto. Mzee akasema: "Ngoja nimpelekee, mwanangu. Tumekutafuta sana wewe."

Waliyoyasema baina yao hatukuyasikiliza, tulitoka barazani. Alilala msikitini, akapanda gari la asubuhi.

Darasa lijalo, inshaallah, tutasoma juu ya matumizi ya mke ambaye mumewe yuko safarini, na lini aweza kwenda kwa kadhi.